"Ardhi ni ya Serikali, sisi hatuna la kusema": makosa ninayoyasikia kila uwanja unapotaka kujengwa nyumba

Wiki iliyopita nilikaa kwenye baraza ya nyumba moja Wilaya ya Magharibi B, hapa Unguja, tangu baada ya sala ya alasiri mpaka adhana ya magharibi, nikiwasikiliza wazee wa shehia wakizungumza habari za uwanja wao. Vigingi vilikwishapigwa. Vilikuwa vya mti, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, na kimoja kilikuwa katikati hasa ya goli la upande wa kibla. Watoto walikuwa wanacheza huku wanakikwepa. Mzee mmoja akakitazama kwa muda, kisha akanigeukia: "Mwanangu, ardhi ni ya Serikali. Sisi tuna la kusema gani?" Wenzake wote wakatikisa vichwa kuafiki.

Kazi yangu ni mipango miji. Nimeifanya Unguja na Pemba kwa zaidi ya miaka 20, na maneno hayo nimeyasikia Mpendae, nimeyasikia Fuoni, nimeyasikia Chake Chake. Kila nikiyasikia huumia, kwa sababu husemwa na watu wenye haki, tena huyasema wakati haki yao bado ingaliko mkononi.

"Ardhi ni ya Serikali, sisi hatuna la kusema"

Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayotuponza. Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 inasema ardhi yote ya asili ya Zanzibar ni ardhi ya umma, na imewekwa mikononi mwa Rais wa Zanzibar. Hapo ndipo watu wengi wanapoacha kusoma. Maneno yanayofuata yanasema imewekwa huko kwa matumizi na manufaa ya wananchi wa Zanzibar. Ni amana. Sisi Waislamu hatuhitaji kufundishwa maana ya amana: aliyewekewa mali ya watu ana dhamana juu yake, na wenye mali wana haki ya kumuuliza ameifanyia nini. Hakuna anayemwambia msimamizi wa wakfu "fanya utakavyo, sisi hatuna la kusema." Kwa nini basi tuseme hivyo kwenye uwanja wa mtaa?

Halafu Serikali si mtu mmoja. Kuna Kamisheni ya Ardhi, yenye ramani na hati. Kuna wapanga miji, ambao michoro yao husema hapa ni makaazi, hapa ni skuli, hapa ni eneo la wazi. Kuna Baraza la Manispaa. Kuna mamlaka ya mazingira, ZEMA, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2015, na sheria hiyo inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla jembe halijagusa ardhi. Na kuna sheha, kiongozi wa shehia yenu, mlangoni kwenu. Mara nyingi ofisi moja haijui mwenzake amefanya nini. Nimewahi kuona uwanja ambao kwenye mchoro wa ofisi moja ulikuwa eneo la wazi, na ofisi nyingine ilikwishaugawa viwanja kumi na vinne. Aliyegundua hakuwa afisa. Alikuwa mwalimu wa skuli ya jirani, aliyekwenda kuulizia mchoro akiwa na swali moja tu kwenye kikaratasi: "Matumizi yaliyopangwa ya eneo hili ni yepi?"

Swali hilo lina nguvu kuliko maandamano. Likiulizwa kwa maandishi linahitaji jibu kwa maandishi. Jibu likiwa "eneo la wazi", anayetaka kujenga lazima kwanza ayabadilishe matumizi hayo, na huko kubadilisha ndiko mnakopaswa kuwepo nyinyi. Jibu likiwa "makaazi", basi mnajua mko wapi, na mnaweza kudai sehemu yake iachwe. Likiwa "hapana mpango wowote", mna nafasi nzuri ya kuomba uwanja wenu uingizwe kwenye mpango kabla ya mwengine hajauomba.

Ubaya wetu ni kusubiri vigingi. Mkutano wa shehia wa kujadili mchoro unatangazwa, wanakuja watu saba, watano kati yao ni wajumbe. Miaka miwili baadaye linakuja tingatinga, na mtaa mzima uko nje. Wakati huo hati zimeshatolewa, fedha za watu zimeshaingia, na mgogoro huenda ukaishia Mahkama ya Ardhi, ambako kesi huchukua muda na wanaocheza mpira leo watakuwa watu wazima. Mchoro ungali penseli, kufuta ni rahisi. Ndugu zangu, nendeni mapema!

"Uwanja huu ni wetu tangu babu zetu, hawezi mtu kuugusa"

Hili ni kosa la upande wa pili, na mara nyingi hutoka kwa wale wale, siku ile ile. Kucheza mpira mahali miaka 40 hakukupi hati. Haki ya kutumia ardhi hupatikana kwa njia zinazojulikana: kupewa na Serikali, kurithi, kununua, kupewa zawadi, au kutambuliwa rasmi kwenye utambuzi wa ardhi, Serikali inapopita kuandika nani ana haki ya ardhi ipi. Mazoea ya mtaa mzima hayamo. Msikiti una wakfu, skuli ina mipaka yake, nyumba ina mwenyewe. Uwanja hauna wa kuusemea mpaka uandikwe kwenye ramani.

Lugha yenyewe inatuchanganya. Ukiwa mmoja ni uwanja wa kuchezea, vikiwa vingi tunasema viwanja, na viwanja ndivyo vinavyouzwa.

"Mimi nimepanda minazi pale, kwa hiyo pale ni pangu"

Miti ni yako. Visiwani kwetu mti na ardhi ni vitu viwili tangu zamani, na sheria imeufuata mwendo huo. Ukiondoshwa, dai fidia ya minazi yako, wala usione haya. Lakini usiwaambie majirani kwamba mnazi wako unaulinda uwanja.

"Pale ni patupu tu, hapana kitu"

Hii husemwa na wanaotaka kujenga, lakini hata wanaopinga huikubali bila kujijua, maana barua zao husema tu "watoto wetu watacheza wapi?" Ni hoja ya haki, naiheshimu. Ila si yenye nguvu kuliko zote. Yenye nguvu ni maji.

Chukua kalamu. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Uwanja wa mita 100 kwa mita 60 una mita za mraba 6,000. Usiku mmoja wa masika ukileta milimita 50, jambo lisilo geni kwetu mwezi wa Aprili, uwanja huo umepokea lita 300,000. Ni magari 30 ya maji, yale ya lita 10,000. Udongo ukiwa kichanga, sehemu kubwa huzama. Ukiwa kinamo, maji hutuama pale pale siku mbili tatu, watoto wakaogelea na vyura wakalia, lakini hayakuingia chumbani kwa mtu. Sasa funika uwanja huo kwa mabati na saruji. Magari 30 ya maji yanatafuta pa kwenda kwa usiku mmoja, na yatakwenda bondeni, kwenye nyumba ambazo hazikuwahi kuingia maji.

Wa Unguja hawahitaji kuhadithiwa. Tunakumbuka Mwanakwerekwe na Kibondemzungu zilivyokuwa masika yakikaza, barabara imefunikwa na watu wamekunja suruali. Na Mnazi Mmoja, ambako zamani ilikuwa pwani, mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, mpaka ukafukiwa: maji ya bamvua bado hurudi pale uwanjani.

Kuna bibi mmoja ninayemkumbuka kuliko maprofesa walionifundisha. Nyumba yake ilikuwa chini ya uwanja, upande wa mteremko. Kila masika maji yalipofika ukutani, alichukua kipande cha mkaa akachora mstari na kuandika mwaka. Alipoanza, mistari ilikuwa chini ya kifundo cha mguu. Baada ya nyumba sita kujengwa pembezoni mwa uwanja, ikapanda mpaka kwenye goti. Siku ya mkutano hakusema mengi. Alituomba tu twende kwake tukaone. Wahandisi wakainama na futi kamba zao, wakapima mstari kwa mstari, mmoja akapiga picha. Mchoro uliporudi, sehemu ya chini ya uwanja ilikuwa imeachwa wazi, na mtaro umeongezwa. Hakuwa na wakili, wala hakupiga kelele.

Maji tunayokunywa pia yanahusika. Visiwa hivi havina mito mikubwa. Tunategemea chemchemi na visima, maji yaliyozama ardhini masika na vuli. Masingini umehifadhiwa msitu kwa sababu hiyo. Uwanja wa mtaa si Masingini, lakini kila pahali palipofunikwa ni pahali ambapo mvua haizami tena, na kila nyumba mpya bila mfereji wa maji machafu ni shimo jipya la choo karibu na kisima cha mtu. Andikeni hayo kwenye barua. Afisa anaweza kuipinga hoja ya mpira. Hoja ya kipindupindu haipingi.

"Tukikusanya saini 500 wataogopa"

Niliwahi kupokea barua yenye kurasa tisa za saini na mstari mmoja wa maneno: "Sisi wananchi hatutaki." Hawataki nini? Wapi? Kwa nini? Barua ya ukurasa mmoja yenye mchoro wa mkono, picha tatu za masika zenye tarehe, na ombi lililo wazi, kwa mfano "tunaomba theluthi ya kusini iachwe", hufika mbali zaidi. Saini ziambatanisheni nyuma.

Na ramani si lazima muichore kwa kukisia. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na Benki ya Dunia ilipiga picha visiwa vyetu kwa droni, picha za karibu kiasi kwamba mnazi mmoja unauona. Uwanja wenu umo. Ushauri wangu, ambao wenzangu ofisini wameshachoka kuusikia, ni huu: kila shehia iwe na ramani yake kubwa ukutani kwa sheha, na maeneo ya wazi yapakwe rangi ya kijani. Fundi wa kuchapa mabango ataichapa kwa muda mfupi.

"Tathmini ya mazingira ni karatasi tu"

Inakuwa karatasi tu mkiwa hamkuja. Wanaoifanya hutakiwa kuzungumza na wananchi. Mkiulizwa, semeni maji yanapita wapi, kisima kiko wapi, watoto wanapita wapi kwenda madrasa. Kisha ombeni kuiona ripoti. Kama maneno yenu hayamo, hapo mna sababu ya kuandika tena.

"Nyumba zisijengwe kabisa"

Hapa nitawaudhi wengine. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu Wazanzibari 1,303,569. Ya mwaka 2022 ikatuhesabu 1,889,773, na kati ya hao 893,169 wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Vijana wanaoa, wanahitaji pa kulala. Tukikataa nyumba kila pahali, zitakwenda kwenye mabonde ya mpunga na zile eka tatu za kilimo walizogaiwa wakulima baada ya Mapinduzi, na zinakwenda sasa hivi. Anayepinga kwa haki aseme na zijengwe wapi. Mimi nasema zipande juu. Kwenye maghorofa ya Michenzani, mjini Unguja, wameishi watu wengi kwenye ardhi ndogo tangu miaka ya 1970, na kuna nafasi iliyobaki kati ya majengo. Kasoro za maghorofa yale nazijua, za maji kutopanda na ngazi kutokuwa na taa, na hizo zinatengenezeka. Uwanja uliojengwa hautengenezeki.

"Pale ni mpira tu"

Mikutano yetu huendeshwa na wanaume, na wanaume husimulia mpira. Siku moja niliomba niketi tu pembeni ya uwanja tangu alfajiri. Walipita wanafunzi wa madrasa na juzuu zao. Mama mmoja akaanika mpunga kwenye jamvi na kumwachia mtoto awafukuze kuku. Mchana ng'ombe wawili walifungwa kamba. Jioni walicheza mpira, ndiyo, na usiku paliwekwa viti kwa ajili ya msiba, kwa sababu nyumba ya wafiwa ilikuwa chumba na ukumbi. Sikukuu pale pale husaliwa Idi. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichoandikwa kwenye barua ya pingamizi ya mtaa ule, isipokuwa mpira.

Kwa hiyo mkutano ujao usiwekwe saa kumi na mbili jioni, wakati wanawake wako jikoni. Uwekwe saa nne asubuhi siku ya Jumapili, pale pale uwanjani, majamvi yatandikwe, na wa kwanza kupewa nafasi ya kusema awe yule anayeanika mpunga.