Kukimbia Mombasa: kutoka Mji wa Kale hadi Feri kabla fukuto halijapanda

Mkimbiaji anayetoka Nairobi hufika Mombasa akiamini kwamba, kwa kuwa ameshuka kutoka kiasi cha mita 1,700 hadi usawa wa bahari, pumzi itajaa na miguu itakuwa myepesi. Pumzi kweli hujaa. Kinachomwangusha ni fukuto. Mwili hupoa jasho linapokauka, na hewa ya pwani imeshiba unyevu, kwa hiyo jasho hutiririka hadi kwenye soksi bila kukauka. Moyo nao hulazimika kupeleka damu kwenye misuli na kwenye ngozi kwa wakati mmoja, na mapigo hupanda hata kama hujaongeza kasi. Siku za mwanzo, ongeza sekunde 30 hadi 60 kwa kila kilomita. Kuzoea kunachukua wiki moja hadi mbili. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, unakwenda mbio mno.

Anza Mji wa Kale weupe unapoanza kuonekana, watu wakitoka kuswali alfajiri. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu hivi, kutegemea mwezi. Dakika 10 za kwanza ziwe za kupasha mwili tu katika Ndia Kuu (ndia ni njia kwa Kimvita) na vichochoro vyake. Usiitazame saa yako ya mkononi humo: kuta ndefu zilizobanana huvuruga mawimbi ya setilaiti, na kasi inayosomeka si ya kweli. Tazama chini. Mawe yaliyolainika kwa miaka yakilowa umande huteleza vibaya, hasa kwenye kona, na mkokoteni hauwezi kufunga breki kwa ajili yako. Funika mabega na magoti. Ukipishana na wazee, punguza mwendo, toa salamu, kisha endelea. Mwezi wa Ramadhani, usinywe maji hadharani mchana.

Kutoka Ngomeni (Fort Jesus), penye kuta zilizojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, shika barabara ya Mama Ngina kuelekea Ras Serani, kisha ufuate ukingo wa bahari hadi Feri ya Likoni. Kwenda ni kilomita tatu na ushei. Barabarani kimbia upande wa kulia, magari yaje mbele ya macho yako. Karibu na Ikulu usitoe simu kupiga picha. Ukifika kwenye mibuyu una nafasi ya kunyoosha hatua, na meli zinazoingia Kilindini hupita karibu kiasi cha kusoma majina yake. Usishuke kwenye miamba: matumbawe hukata kama wembe, na maji yakijaa wimbi hupanda ghafla.

Upepo ndio wengi huusahau. Kuanzia Aprili hadi Oktoba kusi huvuma kutoka baharini, na ukishapita Ras Serani kuelekea Feri huweza kukusukuma kwa nyuma. Hapo ndipo hatari ilipo: upepo unaokwenda nawe haukupozi, unajihisi mwepesi huku joto likijikusanya mwilini. Jizuie, uweke nguvu za kurudi, utakapoupata usoni na jua likiwa machoni. Vaa kofia yenye ukingo. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo hupita kisiwani kwanza, na ukingo huu huwa kimya kwa joto. Miezi hiyo mimi ningefupisha njia, nigeukie kwenye mibuyu.

Beba nusu lita ya maji. Ukitaka kujua unachopoteza, jipime uzito kabla na baada ya mbio: kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja. Ukiona vinyweleo vimesimama, kichwa kinagonga au unayumba, acha kukimbia papo hapo, kaa kivulini, jimwagie maji shingoni na kwapani, na upepewe. Akili ikianza kuchanganyikiwa, ni hospitali bila kusubiri.

Dafu baada ya mbio ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na chumvi ya jasho ni sodiamu. Kwa hiyo lisindikize na muhogo wa kuchoma uliopakwa chumvi, pilipili na ndimu.