Kuamka saa nane usiku hakujaharibu ratiba yako

Mtu amezoea kulala saa tisa usiku, ameamua kurudi kwenye saa nne. Siku ya kwanza analala vizuri, lakini saa nane macho kodo. Anajiambia ameshindwa. Wengi huachia hapo, na inasikitisha, kwa sababu mara nyingi hawajashindwa kitu.

Dhana: Usingizi mzuri ni wa mfululizo mpaka asubuhi.

Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kati ya mzunguko na mzunguko ni rahisi kuzinduka. Karibu sote huzinduka, tukajigeuza, asubuhi hatukumbuki. Mwaka 1992 mtafiti Thomas Wehr wa Marekani alieleza jinsi watu wenye afya nzuri, walioishi kwenye giza la saa 14 kila siku kwa wiki kadhaa, walivyoanza kulala kwa vipande viwili na kukaa macho katikati. Kwa anayebadilisha ratiba kuna sababu nyingine: saa ya mwili, yaani mfumo wa ndani unaopanga muda wa kulala na kuamka, husogea taratibu, na yake bado iko kulekule ilikozoea.

Dhana: Ukiamka, ng'ang'ania kitanda, usingizi utarudi.

Hii ndiyo inayowaumiza wengi. Mkono unapapasa chini ya mto, simu inawaka, chandarua chote kinajaa mwanga: saa nane na dakika arobaini na saba. Hesabu zinaanza. Nikilala sasa hivi nitapata saa tatu. Baada ya muda, mbili na nusu. Moyo unakwenda mbio, na usiku baada ya usiku mwili unajifunza kuwa kitandani ni mahali pa kuhangaika.

Mwanasaikolojia Richard Bootzin wa Marekani alitoa njia ya kuuvunja mtego huo mwaka 1972, na hadi leo ni sehemu ya tiba ya kukosa usingizi. Ukihisi zimepita kama dakika 20, bila kutazama saa, inuka. Kaa kwenye mwanga hafifu, soma kitu kisichosisimua, rudi macho yakiwa mazito. Kama chumba ni kimoja na wenzako wamelala, mkeka kando ya kitanda unatosha. Simu iache mbali.

Dhana: Usiku ulioharibika hufidiwa asubuhi.

Ukilala mpaka saa nne asubuhi, jioni hutakuwa na usingizi wa kutosha. Amka saa ileile hata kama usiku ulikuwa mbaya, kisha toka nje. Mwanga wa asubuhi ndio unaovuta saa ya mwili ili usingizi uje mapema zaidi, na sisi tulio karibu na Ikweta tumebahatika: Dar es Salaam au Mombasa, saa ya jua kuchomoza haitofautiani hata kwa saa nzima mwaka mzima.

Dhana: Bia moja au Piriton itanilaza.

Pombe hulaza haraka, halafu hukatakata usingizi wa alfajiri. Piriton ni dawa ya mzio. Kusinzia ni athari yake ya pembeni, na uzito wake unaweza kukufuata hadi kesho. Kahawa ya barazani saa kumi na moja jioni? Karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini unapopanda kitandani.

Kuna kuamka kusikotokana na ratiba. Ukikoroma hadi pumzi inakatika, ukienda kukojoa mara nyingi huku una kiu isiyoisha, au ukiamka shuka limelowa jasho na una kikohozi cha wiki mbili, nenda hospitali ukapimwe.