Je, wajua kwa nini mtani hashtakiwi?

Mwaka juzi tulikwenda kuzika Mbagala. Marehemu alikuwa Mzaramo, mzee wa heshima zake. Kabla jeneza halijasogezwa, mzee mmoja wa Kinyamwezi akavua ndala, akashuka kaburini, akajilaza chali. "Huyu Mzaramo kafa na elfu kumi na tano yangu," akasema. "Hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe. Na nyie wanawe mnalia nini? Alipokuwa anaumwa, nani kati yenu alimletea hata vidonge?"

Watu wakacheka. Wana wa marehemu nao wakacheka huku machozi yakiwatoka, noti zikaanza kudondoka shimoni. Mzee akazihesabu bila haraka, akapanda juu, na ulipofika wakati wa kufukia yeye ndiye aliyeshika koleo wa kwanza.

Lile la vidonge lilikuwa kweli. Mtaa mzima ulilijua, na mtaa mzima ulikuwa umenyamaza. Angelisema jirani, zingepigwa ngumi. Angeliandika mwandishi, ingekuja barua ya wakili. Mtani kalisema mbele ya sheikh na mjumbe, na hela akapewa.

Inakuwaje? Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakishuka pwani kutoka Unyanyembe, kule Tabora, na kupita Uzaramo. Utani huo una sharti lake kubwa: anayetaniwa haruhusiwi kununa. Haisemwi kwamba maneno hayaumi. Yanauma sana, ndiyo maana wale vijana walilia. Kilichokatazwa ni kulipiza. Kwa hiyo ukiuliza mlinzi wa ulimi wa yule mzee ni nani, jibu si mjumbe wala polisi. Ni yule yule anayechomwa na maneno.

Nililieleza hili kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo, nikijiona nimegundua kitu. Muuza kahawa akaniuliza huku anasuuza vikombe: "Na anayechomwa akiwa ni serikali?"

Jiji hili lina kisa chake cha kujibu hapo. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alisimama kizimbani Dar es Salaam kwa sababu ya makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU, jarida la chama chake, akiwalaumu maofisa wawili wa Kiingereza waliotawala wilaya. Kosa lake liliitwa kashfa ya jinai. Neno hilo "jinai" ndilo lenye uzito. Katika kashfa ya kawaida, aliyeudhika anakwenda mwenyewe mahakamani kudai fidia, na akishindwa hasara ni yake. Katika ile ya jinai dola ndiyo inayoshtaki kwa niaba yake, na mwisho wa safari panaweza kuwa gerezani. Mwalimu alitetewa na D. N. Pritt, wakili mashuhuri wa Uingereza, lakini akatiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa.

Ungedhani kosa hilo lilipanda meli na Waingereza mwaka 1961. Wapi! Sheria ya Magazeti ya 1976, Mwalimu mwenyewe akiwa Ikulu, ililibeba pamoja na uchochezi, ikampa na waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Namheshimu sana Mwalimu, ila hapa sina la kumtetea. Aliyewahi kuonja shubiri ndiye aliyetunza chupa.

Katiba ya 1977 nayo ilianza bila sura ya haki. Sura hiyo iliingizwa 1984, na hata hapo mahakama hazikuruhusiwa kuitumia mpaka Machi 1988. Ibara ya 18, ile ya uhuru wa maoni, ilifunguka kwa maneno "bila ya kuathiri sheria za nchi". Ni sawa na mwenyeji anayekukaribisha ule ushibe huku funguo za jikoni ziko kiunoni mwake. Maneno hayo yaliondolewa mwaka 2005. Sasa ibara inasema kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Mipaka mingine imebaki Ibara ya 30: haki za wengine, sifa ya mtu, usalama, siri, heshima ya mahakama. Sina ugomvi na orodha hiyo. Hata mtani akizua uongo wa kumvunjia mtu biashara, huo si utani tena.

Ugomvi wangu uko kwenye kuamua nani kavuka mpaka. Serikali haina sharti la kutonuna. Ikisemwa, ina polisi, ina leseni za kunyang'anya, ina waendesha mashtaka. Kuiambia peke yake ilinde uhuru wa kuisema ni kumpa fisi bucha. Hapo ndipo inapohitajika mahakama isiyomwogopa mtu, na siku nyingine tumeiona. Mwaka 1994, Dodoma, Jaji Lugakingira aliamua shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, akabatilisha sharti la kuomba kibali kabla ya mkutano wa hadhara. Sheria ikabadilika, ikawa unatoa taarifa tu. Lakini angalia uhuru ulivyo mwepesi: mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kwa kauli ya Rais, na Januari 2023 ikafunguliwa kwa kauli ya Rais mwingine.

Hata mahakama hazipigi filimbi zenyewe, lazima mtu azipelekee shauri. Mwaka 2016 ilipopitishwa Sheria ya Huduma za Habari kuchukua nafasi ya ile ya 1976, kashfa ya jinai ikiwa bado ndani, waliokwenda Mahakama ya Afrika Mashariki ni Baraza la Habari, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mtandao wa watetezi wa haki hizo. Machi 2019 mahakama hiyo ikasema vifungu kadhaa, vya kashfa, vya uchochezi na vile vya waziri kuzuia machapisho, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bunge liliirekebisha sheria hiyo mwaka 2023. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 sheria ilibadilishwa, ikamtaka anayefungua shauri la haki za msingi Mahakama Kuu aape kueleza jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Aliyetaka kumsemea jirani aliyefungwa mdomo, mlango ulifanywa mwembamba.

Wabunge wao wamejiwekea utani rasmi. Ibara ya 100 inalinda wanayoyasema katika majadiliano bungeni yasihojiwe mahakamani wala mahali pengine nje ya Bunge. Akitoka nje ya lango akayarudia barabarani, ni mwananchi kama mimi na muuza kahawa.

Nilimrudia muuza kahawa na haya yote. Akasikiliza, akanimiminia kikombe, akasema: "Kwa hiyo serikali inatakiwa iwe na mtani." Nikamwambia inao wengi, tatizo inanuna. Akacheka, kisha akageuka kuangalia nani kakaa nyuma yetu.

Yule mzee wa Kinyamwezi alifariki mwaka huu. Tulimzika Gongo la Mboto. Wana wa yule Mzaramo walifika wote, na mkubwa wao alikuwa ameshavua viatu kabla hata dua haijaanza, anaulizia elfu kumi na tano ya baba yake.