Afyuni ya Humen haikuchomwa moto

Kila Juni 26 inapokaribia, Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya, habari za Lin Zexu, kamishna wa mfalme wa China aliyeharibu shehena kubwa ya afyuni, dawa ya kulevya, mwaka 1839, husambaa mitandaoni na maswali humiminika ofisini kwetu. Tunafurahi watu wanapoijali historia hii. Ila inasimuliwa vibaya: husemwa kwamba aliichoma moto.

Lin hakuchoma afyuni. Ukiichoma juu ya ardhi, mabaki huzama mchangani na waraibu huja kuuchimba udongo. China ilikwisha kuliona hilo. Kwa hiyo huko Humen, karibu na Guangzhou kusini mwa China, kuanzia Juni 3, 1839, kazi ilifanyika ndani ya mahandaki yaliyotandikwa mawe chini na kuzibwa kwa mbao ubavuni. Yalitiwa maji na chumvi. Madonge ya afyuni yakakatwakatwa na kulowekwa, kisha ikamwagwa chokaa, na vibarua wakakoroga hadi yakavurugika yote. Maji ya bahari yakipwa, lango lilifunguliwa, uchafu ukatoka, handaki likaoshwa ndipo shehena nyingine iingie. Maofisa walisimamia kila hatua, na mmisionari Mmarekani Elijah Bridgman aliruhusiwa kushuhudia. Iliwachukua takriban wiki tatu. Anayesimamia uharibifu wa vielelezo vya mahakamani ataelewa kwa nini: kielelezo kisichoharibiwa mbele ya mashahidi hurudi mtaani. Sheria mpya ya mwaka huohuo nayo iliwapa wavutaji miezi 18 waache, la sivyo adhabu ni kifo.

Vita vya Kwanza vya Afyuni, kati ya Uingereza na China, vilitokana na makabidhiano ya shehena hiyo. Makasha zaidi ya 20,000 hayakutoka moja kwa moja kwa wafanyabiashara kwenda kwa Lin. Charles Elliot, mwakilishi wa Uingereza, aliwaagiza wamkabidhi yeye, akiahidi kwamba serikali yao itawafidia, ndipo naye akayatoa. Mali ya magendo ikageuka deni ambalo serikali moja iliidai serikali nyingine.

Na jamani, tuache kurudia kwamba Mkataba wa Nanjing wa 1842, uliomaliza vita hivyo, ulihalalisha afyuni. Usomeni! China ilitozwa dola za fedha milioni 21, milioni 6 kati yake zikiwa thamani ya afyuni ile. Ikafungua bandari tano, ikakitoa kisiwa cha Hong Kong. Kifungu cha kuhalalisha hakimo. Magendo yaliendelea kuwa magendo miaka 16 zaidi, hadi makubaliano ya ushuru ya 1858, wakati wa Vita vya Pili vya Afyuni, yalipoiruhusu afyuni kwa ushuru wa taeli 30 (kipimo cha fedha cha China) kwa kila pikuli, yaani takriban kilo 60. Anayeandaa bango aandike 1858.