Pilipili Nyingi za Nyumbani Hufa kwa Maji, Si kwa Kiu

Kila mvua za Machi na za Septemba zinapokolea, watu wa Kampala, Wakiso na Mukono walioanza kuotesha pilipili barazani huniletea habari ile ile: mmea umelegea, basi wameuongezea maji asubuhi na jioni, na bado unalegea. Kwa kuwa shauri hili nimelitoa kwa mdomo mara nyingi mno, na mara nyingi mno limefika baada ya mmea kufa, nimeona heri niliandike.

Dhana yenyewe ni kwamba mmea unaonyauka una kiu. Ukweli ni kwamba mzizi hupumua. Huhitaji oksijeni iliyo katika vinafasi vya udongo ili upate nguvu ya kufyonza maji na virutubisho, na vinafasi hivyo vikijaa maji siku baada ya siku, mzizi hukosa hewa, hudhoofika, kisha huoza. Mzizi uliooza haufyonzi chochote, na ndiyo sababu majani hulegea ilhali udongo umeloa chepechepe. Ndoo ya pili unayomimina hapo haiponyi kitu. Inaumaliza mmea uliokuwa bado na nafasi ya kupona.

Kabla ya kushika ndoo, chomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevunyevu, usimwagilie, hata kama majani yanakusikitisha. Ikiwa mmea umo chomboni, unyanyue: chombo chenye maji ya kutosha ni kizito, na baada ya wiki moja mkono wako utajua tofauti. Ukiwa bado na shaka, utoe mmea taratibu na utazame mizizi. Mizizi mizima ni myeupe na migumu kidogo. Iliyooza ni ya kahawia, na ukiibana kwa vidole ganda lake huchomoka kama soksi, ukabakia na uzi mwembamba.

Zingatia pia saa. Pilipili mbuzi ina majani mapana, na jua la saa saba mchana huweza kuyanyang'anya maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyarudisha. Mmea unaolegea mchana na kusimama tena jioni kwa kawaida hauna tatizo. Unaostahili wasiwasi ni ule unaoukuta umelegea alfajiri, kabla jua halijachomoza.

Sehemu kubwa ya kosa hili huanzia kwenye chombo. Jerikani ya lita 20 iliyokatwa ni chungu kizuri sana cha pilipili, lakini wengi hutoboa tundu moja dogo, au hawatoboi kabisa, kisha hutandaza kokoto chini wakiamini kwamba zitavuta maji. Kokoto hazivuti maji. Maji hugoma kushuka kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ujae, kwa hiyo unachofanya ni kulisogeza tope karibu zaidi na mizizi. Toboa matundu sita au manane yenye upana wa kidole, inua chombo juu ya matofali mawili, na ule udongo mweusi wa gunia unaouzwa kando ya barabara usiutumie peke yake, maana hushikana na kuwa kama saruji. Mimi huchanganya sehemu mbili za udongo, moja ya samadi iliyoiva na moja ya mchanga wa ziwa, nami sichoki kulisisitiza hilo kwa kila anayeniuliza. Mwagilia hadi maji yatoke chini, halafu uache mpaka sentimita mbili au tatu za juu zikauke.

Upo mnyauko mmoja usiotokana na mkono wa mwenye mmea, nao ni mnyauko bakteria. Huu huangusha mmea kwa siku chache huku majani yakiwa bado ya kijani. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize katika glasi ya maji safi bila kuyatikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka penye jeraha, hakuna dawa itakayouponya. Ng'oa, choma, wala usipande hapo nyanya, biringanya, ntula (nyanya chungu) wala nakati (mboga ya majani), maana zote ni za ukoo mmoja na pilipili na huugua ugonjwa huo huo.

Majani yanapojikunja, watu hukimbilia duka la pembejeo wakanunua sumu ya wadudu yoyote iliyopo. Geuza jani kwanza. Machipukizi yaliyodumaa, magumu na yaliyopinda ukingoni mara nyingi yameshambuliwa na utitiri, ambao ni mdogo mno kuonekana bila kioo cha kukuza, na dawa nyingi za wadudu haziugusi. Tena huua wadudu wanaoula, ukazidi kuongezeka. Kata machipukizi hayo, kisha nyunyiza salfa ya kulowesha majini upande wa chini wa majani, jioni, wakati jua limepoa.

Maua yanapopukutika, jawabu la wengi ni kuongeza samadi ya kuku. Samadi hiyo ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ikizidi huleta majani mazuri na maua machache. Walioko Kabale, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, wana sababu nyingine: usiku ukishuka chini ya nyuzi joto 15 hivi, pilipili mbuzi huangusha maua, na mbolea haiwezi kubadili hali ya hewa.

Kupanda hoho karibu na pilipili kali hakuifanyi hoho ya msimu huu iwashe. Chavua hubadili urithi ulio ndani ya mbegu, si nyama ya tunda, kwa hiyo tofauti utaiona tu ukizipanda mbegu hizo. Vilevile, ukali haumo ndani ya mbegu. Kapsaisini, yaani kemikali inayowasha, hutengenezwa katika utando mweupe unaozishika, na mbegu huwasha kwa sababu zimegusana nao; anayetaka kupunguza ukali akwangue utando wote badala ya kutikisa mbegu peke yake.

La mwisho linanisikitisha kwa sababu ni hasara tupu: kung'oa mmea baada ya mavuno ya kwanza. Desturi hiyo inafaa kwa nchi ambazo baridi ya kuganda huua mimea kila mwaka. Hapa Uganda mpilipili mzima huishi miaka kadhaa na kuendelea kuzaa. Mavuno yakipungua, subiri siku kavu iliyo karibu na mwanzo wa mvua, ufute kisu kwa spiriti, ukate matawi kwa theluthi moja juu kidogo ya kifundo cha jani, kisha utie viganja viwili vya samadi iliyoiva kuzunguka shina bila kuligusa.