Ukiamua kupandikizwa jino, jiandae kusubiri

Karibu kila anayekuja kwangu kutaka jino la kupandikiza huanza na swali hili: "Daktari, inauma?" Namwelewa. Ukisikia kwamba taya litatobolewa na kutiwa skrubu, mwili lazima usisimke. Lakini siku ya kutobolewa ndiyo nyepesi kuliko zote. Uzito uko katika miezi inayofuata, na humo ndimo ninamohitaji msaada wako.

Kipandikizi chenyewe ni skrubu ya titani, aina ya metali, kwa kawaida nene milimita 3.5 hadi 5, nayo hushika nafasi ya mzizi. Juu yake hufungwa kiungo kidogo, kisha taji, yaani jino linaloonekana. Mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa vifaa vya titani. Alipotaka kuvitoa, havikutoka, kwa kuwa mfupa ulikuwa umevishika. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa vipandikizi mwaka 1965 na akavitumia hadi alipofariki mwaka 2006.

Kabla ya yote nitakupiga picha, mara nyingi ya CT, yaani eksirei inayoonyesha mfupa kila upande, ili nione urefu na upana wa mfupa ulionao. Taya la chini lina mshipa mkubwa wa fahamu ambao sitaki kuukaribia kwa chini ya milimita 2. La juu limepakana na sainasi, yaani uwazi wenye hewa ulio kando ya pua. Tena jino likishang'olewa, mfupa husinyaa. Ndani ya mwaka mmoja ukingo wa taya waweza kupoteza hadi nusu ya upana wake, kwa hiyo aliyekaa na pengo miaka mingi huenda akahitaji kuongezewa mfupa kwanza. Hapo nitakuuliza pia habari za sigara, kisukari na dawa zozote unazotumia, hasa za kuimarisha mifupa. Tafadhali usinifiche. Siulizi ili nikulaumu, ila majibu hayo ndiyo yanayoniambia kama kidonda chako kitapona.

Siku yenyewe utachomwa ganzi. Utahisi msukumo na mtetemo, utasikia mngurumo wa keekee, lakini maumivu makali hutakiwi kuyasikia. Ukiyasikia, inua mkono, nami nitaongeza ganzi. Maji baridi ya chumvi yatakuwa yakitiririka muda wote, kwa sababu mfupa ukifikia nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu huanza kufa. Ukiona nimesimama katikati ya kazi, usiingiwe na hofu. Nauacha mfupa upoe. Kipandikizi kimoja mara nyingi hakimalizi saa nzima. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka, na dawa za kawaida za maumivu huwatosha wengi. Maumivu yakizidi baada ya hapo, ukitoka usaha, au mdomo ukibaki na ganzi hadi kesho yake, nipigie simu palepale.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi: wiki ya tatu na ya nne. Skrubu ikiingia hushikwa na mfupa wa zamani, kama msumari ulivyoshikwa na ubao. Baadaye mwili huuondoa mfupa huo kidogo kidogo na kujenga mpya. Kuna kipindi ule wa zamani umeshalegea na mpya haujashika sawasawa, na hicho ndicho kipindi ambacho maumivu yameisha na mtu ameshasahau kama ana kidonda. Niliwahi kumpokea mgonjwa aliyetafuna mfupa wa kuku upande ule katika wiki ya nne. Kipandikizi kilizunguka nilipokigusa kwa kidole. Nilikitoa machozi yakimlengalenga, na nikajua kosa lilikuwa langu. Nilimwambia ale vitu laini, sikumwambia kwa nini. Tangu siku ile hakuna anayetoka kwenye kiti changu bila maelezo haya.

Taya la chini huhitaji miezi 3 hivi, la juu 4 hadi 6 kwa kuwa mfupa wake una matundu mengi zaidi. Wapo wanaowekewa jino la muda siku hiyohiyo, na kama skrubu imekaza vizuri inawezekana, ila jino hilo ni la kuzibia pengo, si la kutafunia. Muda ukitimia nitakigonga kipandikizi taratibu kwa mpini wa kifaa. Kilichoshika hutoa mlio mkavu, mwembamba. Mlio mzito unaofifia haunipendezi, na nikiusikia sipimi taji siku hiyo.

Taji likishafungwa, fahamu kwamba chini yake hamna zile nyuzi zinazolizunguka jino la asili na kukuambia umeuma kwa nguvu kiasi gani. Ndiyo maana nitakung'atisha karatasi ya rangi mara nyingi hadi uchoke, nikilipunguza taji hapa na pale.

Titani haiozi, lakini fizi inayoizunguka huugua. Ukoga ukijazana, mfupa huliwa chini kwa chini bila maumivu yoyote. Piga mswaki, safisha na katikati ya meno kwa kibrashi chembamba, na siku utakayoona damu pale kwenye kipandikizi, njoo wiki hiyohiyo hata kama hakuna kinachouma.