Kidonge cha kifuani, chunusi na mkorogo

Shule zikifungwa, kliniki yangu ya ngozi hapa Malindi hujaa kina mama na watoto wanaobalehe. Kijana huketi amejikunja ndani ya shati kubwa, mamake ananinong'oneza: "Daktari, ana uvimbe kifuani. Si saratani?"

Nikibonyeza nakuta kidonge kigumu kiasi chini ya chuchu, kinachouma akipigwa na mpira. Karibu nusu ya wavulana hupata hiki kitu. Homoni ya kike nayo imo mwilini mwao, na katika umri huo mizani haijatulia. Huondoka chenyewe, kwa kawaida ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Kukikamua au kukikanda kwa maji moto ni kumtesa mtoto bure. Nitataka kukichunguza zaidi kikiwa kando ya chuchu, kikitoa majimaji au kikikua haraka.

Kwa wasichana, titi moja hutangulia jingine, pengine kwa miezi kadhaa. Hedhi huja kama miaka miwili baada ya matiti kuanza kuota, kwa hiyo mama ana muda wa kuzungumza na binti yake. Autumie.

Chunusi ndiyo vita vyenyewe. Homoni huamsha tezi za mafuta, mafuta na ngozi iliyokufa huziba vitundu, bakteria huzaana humo. Si uchafu, wala si "damu chafu". Mafuta ya nazi nayapenda kwenye nywele na miguu. Kwenye uso wenye chunusi yaacheni, huziba zaidi. Kinachonikera hasa ni mkorogo, zile krimu za kujichubua. Vingi vya vikopo hivyo vina steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi) au zebaki. Siku za mwanzo uso hulainika na shangazi wote husifu, kisha ngozi hukonda na chunusi hurudi kwa fujo. Madoa meusi waliyokuwa wakiyafuta yangefifia taratibu yenyewe.

Kwa chunusi, anzeni na dawa ya kupaka ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, tabaka jembamba usiku, na msikate tamaa kabla ya wiki 8. Inapausha nguo, basi msilalie leso nzuri.

Shingo ikiwa nyeusi na nene kama mahameli, msiisugue kwa jiwe; mleteni tumpime sukari. Mleteni pia msichana aliyeanza kubalehe kabla ya miaka 8 au mvulana kabla ya 9, na yule ambaye hana dalili yoyote akifika 13 kwa msichana, 14 kwa mvulana.